Kwenda Asubuhi, Kurudi Jioni

Upepo wa Ziwa Victoria una ratiba yake, na wavuvi wa Ghuba ya Winam waliijua kabla ya yeyote kati yao kuvaa saa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa yake iliyopoa huteremka kuelekea ziwani. Alfajiri mashua ya tanga huondoka bichi ikisukumwa na hewa hiyo. Jua likishapanda, mambo hugeuka: ardhi hushika joto, hewa yake huinuka, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi iliyoachwa. Kuanzia adhuhuri hivi huvuma kuelekea Kisumu, ukiwarudisha nyumbani waliotoka.

Kwenda asubuhi na kurudi jioni, basi, hakukubuniwa na wauza safari. Ziwa lenyewe ndilo lililopanga. Waluo waliliita Nam Lolwe karne nyingi kabla ya John Hanning Speke kufika upande wake wa kusini mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wake, na tangu zamani hizo watu wa pwani hii wamekuwa wakitoka na upepo mmoja na kurejea na mwingine. Mgeni anayelipa nauli Dunga au Mbita ili aone kisiwa na kurudi kabla ya jua kuzama anafuata desturi ya zamani, ajue asijue.

Likizo ya visiwani, kwa watu wengi duniani, ni Ugiriki. Mtu anakodi chumba Naxos au Paros, asubuhi anapanda boti, mchana anaogelea kisiwa cha jirani, jioni amerudi kula samaki ufuoni. Huko nako upepo ndio mkuu. Meltemi, upepo wa kaskazini wa kiangazi, ukizidi kiwango fulani, mamlaka ya bandari hupiga marufuku boti kuondoka, na hakuna abiria anayeweza kubembeleza. Mkenya mwenye likizo, kwa upande wake, hufikiria Diani, Watamu au Lamu, na mwenye uwezo zaidi huvuka hadi Zanzibar. Mara chache hukumbuka visiwa vyake vingine, vya maji yasiyo na chumvi, vilivyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kenya ina asilimia 6 hivi tu ya ziwa hili lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Lakini katika sehemu hiyo ndogo mna Rusinga, Mfangano, Takawiri, Ndere, Ringiti, Remba na vingine ambavyo Mkenya wa kawaida hawezi kuvionyesha kwenye ramani.

Hasara ya kuvisahau ni kubwa kuliko hasara ya mandhari. Anayeliona ziwa akiwa ameketi kwenye hoteli ya ufuoni huliona kama mahali ambapo mji umekomea. Anayepanda boti huliona kama barabara, na kuliona hivyo ndiko kunakomweleza pwani hii ilivyo: ni nani amemwoa nani, samaki wanauzwa wapi, kwa nini lugha ya kisiwa kimoja inafanana na ya Uganda, kwa nini reli ilikuja hapa.

Safari fupi kuliko zote huanzia Dunga, kilomita chache kusini mwa katikati ya jiji la Kisumu. Boti ni za mbao, zimepakwa rangi kali, nyingine zimefunikwa turubai kukinga jua. Kinachopendeza Dunga kwanza kabisa ni kwamba mgeni hulazimika kuwapisha wenye kazi. Asubuhi mapema boti za wavuvi ndizo zinazoingia, na wanawake wenye mabeseni wanazisubiri kwenye kina cha magoti. Mbuta hupimwa kwenye mizani, ngege huchaguliwa mmoja mmoja, omena humwagwa kama fedha iliyoyeyushwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini ili wakaushwe na jua. Saa mbili hivi asubuhi soko limetulia, na hapo ndipo nahodha anapokuwa na nafasi ya kuzungumza na mtu aliyekuja kutazama.

Anayetazama vizuri huona pia nani ana boti na nani hana. Kwa desturi ya Waluo, mwanamke hakuvua. Alinunua, akakausha, akauza. Samaki walipopungua, kununua tu hakukutosha, na ukazaliwa mfumo unaoitwa jaboya, ambao mwanamke hulazimishwa kuutoa mwili wake kwa mvuvi ili ahakikishiwe samaki wa kuuza. Ufuo huu wa Nyanza ulizika watu wengi kwa sababu ya Ukimwi, na jaboya ilikuwa mojawapo ya njia za maambukizi. Katika bichi ya Nduru, upande wa Nyakach, wanawake waliamua mwanzoni mwa muongo uliopita kumiliki boti wao wenyewe na kuwaajiri wanaume wa kuvua. Walikata mzizi wa tatizo kwa mbao na misumari. Kisha ziwa likafurika. Mei 2020 maji ya Victoria yalifikia kiwango kilichopita hata kile cha mwaka 1964, ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na Nduru ilikuwa kati ya bichi zilizozama na wakazi wake wakahama. Mgeni wa Dunga anapouliza boti anayoipanda ni ya nani, halafu nauli yake inakwenda kwa nani, anauliza jambo lenye uzito mahali hapa.

Nje ya bichi huanza mafunjo. Boti hupita kandokando yake taratibu, na anayejua ndege hukaa kimya. Humo ndani huishi ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano hafifu ambaye hana makao mengine duniani ila kwenye mafunjo ya eneo hili la Afrika. Mafunjo yakikatwa na kuchomwa ili watu wapande mboga, yeye hana pa kwenda. Mafunjo hayo hayo huchuja tope la mito, huwaficha samaki wachanga, na huwapa watu wa Dunga mikeka na vikapu. Mdiria hujitupa majini kama jiwe, kwazi hulia kutoka juu ya mti. Viboko nao huwa karibu. Nahodha mwenye uzoefu hupunguza injini akiwa mbali na kuwazunguka kwa upana, kwa kuwa kiboko amewaua wavuvi wengi kwenye ghuba hii, na picha ya karibu haina thamani ya kupindua boti.

Ndere ni mbali zaidi kidogo, kama saa moja kwa boti ya injini kutoka Kisumu, mkabala na ufuo wa Seme. Tangu 1986 ni hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4.2 tu, na hakuna kijiji juu yake. Swala pala hulisha kwenye nyasi, kenge na mamba huota jua kwenye mawe, na jioni kila binadamu asiye mlinzi huondoka. Ugiriki ina kisiwa cha namna hiyo pia. Delos, karibu na Mykonos, ni magofu ya hekalu na masoko ya kale. Watalii hufika asubuhi na wote hupaswa kuondoka kabla ya usiku. Waathene wa kale waliharamisha hata kuzaa na kufa juu yake. Kwa Delos sababu ilikuwa miungu, kwa Ndere ni wanyama. Lakini mtu aliyesimama juu ya mwinuko wa Ndere saa tano asubuhi, maji pande zote na milima ya Nandi ikionekana kwa mbali nyuma ya Kisumu, hupata hisia ambayo kisiwa chenye watu hakiwezi kumpa: kwamba mahali hapa palikuwako kabla yake na pataendelea kuwako bila yeye.

Kutoka Ndere ndipo Kisumu inapoonekana sawasawa. Ukiwa mjini, bandari ni ukuta na lango. Ukiwa majini, unaelewa kwamba mji mzima ulijengwa kwa ajili ya gati. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Meli ilikuwa imeitangulia: SS William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaungwa papa hapa na kushushwa majini mwaka 1900. Winifred na Sybil zikafuata, kisha Clement Hill, ambayo Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliipanda mwaka 1907 kuelekea Entebbe. Katika miongo iliyofuata mtu angeweza kununua tiketi Kisumu na kulizunguka ziwa lote, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na vivuko vidogo vikaunganisha Kisumu na Kendu Bay na Homa Bay. Mzee wa Kendu Bay aliyesoma Kisumu zamani hizo anaikumbuka safari ya shule kama safari ya majini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na meli zikagawanywa kama mali ya ndoa iliyokufa. Barabara ziliboreka, magari yakaongezeka, gati likakauka. Kisumu ikaligeuzia ziwa kisogo kwa muda mrefu. Katika miaka ya karibuni bandari imefufuliwa: MV Uhuru, meli ya kubeba mabehewa iliyoanza kazi miaka ya 1960, ilirudi majini mwishoni mwa 2019 kupeleka mafuta Uganda, na MV Uhuru II ikaundwa Kisumu kwenyewe na mafundi Wakenya. Hilo ni jambo la fahari. Lakini mafuta na mizigo vimerudi kabla ya watu. Abiria wa kawaida anayetaka kutoka Kisumu kwenda Homa Bay leo hupanda matatu.

Ili kuipata ile barabara ya maji ikiwa hai kweli, mtu huondoka mjini alfajiri na kwenda Luanda K'Otieno, mwisho wa lami kwenye ncha ya Uyoma, kaunti ya Siaya. Hapo feri huvuka hadi Mbita, upande wa Homa Bay, kwa muda usiofika saa moja au unaoizidi kidogo, kutegemea maji. Kuzunguka ghuba nzima kwa gari kupitia Ahero, Kendu Bay na mji wa Homa Bay ni kazi ya nusu siku. Ndiyo maana feri hiyo hujaa. Chini hupangwa magari, pikipiki za boda boda, magunia ya mahindi, magodoro, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu. Juu hukaa walimu wanaorudi kazini, wanafunzi wenye masanduku ya bati, familia iliyovaa sare ya kitambaa kwenda mazishini. Mtalii ni mmoja au wawili kati yao. Hakuna anayemtazama sana, na hilo ni jambo jema.

Njiani feri hukatiza Mlango wa Rusinga, pale maji ya ghuba yanapokutana na maji ya ziwa kuu. Hata rangi hubadilika: nyuma ni kahawia ya tope la mito ya Nyando na Sondu, mbele ni kijani kirefu kinachoelekea samawati. Mlango mwingine, mwembamba, uko kati ya Mbita na Rusinga, na historia yake ni funzo la aina yake. Miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe na udongo ili magari yafike kisiwani. Magari yalifika, lakini maji yalizuiwa. Mkondo uliokuwa ukisafisha ghuba ukakatika, samaki wakapoteza njia yao, wavuvi wakalazimika kuzunguka kisiwa chote. Wakazi na wanasayansi walilalamika kwa miaka mingi. Mwishowe tuta likafunguliwa na daraja likajengwa, na sasa maji yanapita chini ya magari.

Rusinga yenyewe inaweza kuonwa kwa siku moja kwa boda boda. Upande wa kaskazini, Kasawanga, ndiko alikozikwa Tom Mboya, mwanasiasa aliyepigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi, na ndani mna picha zake, pamoja na kumbukumbu za ndege zilizowapeleka wanafunzi wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kuanzia 1959. Anayefika kwa boti huelewa jambo ambalo vitabu vya siasa hulipita: kwamba mtu huyu wa mikutano ya Accra na New York alikuwa mtoto wa watu wa kisiwa, waliokwenda mbali kutafuta kazi. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi, lakini alirudishwa kuzikwa mahali ambapo pande zote unaliona ziwa.

Kisiwa hicho hicho ndicho kilichompa mtafiti Mary Leakey fuvu la sokwe wa kale, Proconsul, mwaka 1948. Lilikuwa limelala ndani ya miamba ya Rusinga kwa takriban miaka milioni 18. Yeye na wenzake walifika kwa maji, na baadaye walikuwa na boti yao wenyewe, Miocene Lady, iliyopatikana kwa msaada wa mfadhili Charles Boise. Hata sayansi ya asili ya binadamu, kwa sehemu yake ya pwani hii, ilikuwa safari ya boti.

Mfangano ndicho kisiwa ambacho mwandishi wa makala hii angemtaka kila Mkenya akione kabla hajazeeka.

Kwa anayetoka Kisumu na kurudi siku hiyo hiyo, ni mbali mno; safari itakuwa ya kukimbizana na feri. Njia ya busara ni kulala Mbita na kwenda Mfangano kama Mgiriki anavyokwenda kisiwa cha pili kutoka cha kwanza. Boti za abiria huondoka Mbita asubuhi na kufika Sena, kisiwani humo, kwa kama saa moja na nusu, zikipita karibu na Takawiri na mchanga wake mweupe. Mlima wa Mfangano huonekana tangu mwanzo, mkubwa na wa kijani, kilele chake kikipita mita 1,600, mara nyingi kikiwa na wingu juu yake hata siku ambayo mbingu nyingine ni safi. Boti husimama ovyo, kwa jinsi mgeni anavyoona: hapa anashushwa mama na mfuko wa unga, pale anapandishwa mzee mwenye fimbo, mahali pengine hakuna gati kabisa na kijana huingia majini hadi kiunoni kumbeba abiria mgongoni ili asilowe. Kwa mwenyeji hakuna ovyo hapo. Kila kituo kina jina lake na ukoo wake.

Wakazi ni Abasuba. Mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda na Busoga karne kadhaa zilizopita, wakikimbia vita na fitina za huko, na lugha yao, Olusuba, ni ndugu wa lugha za ng'ambo hiyo. Leo wengi wao huzungumza Dholuo nyumbani, na Olusuba imeorodheshwa kati ya lugha zilizo hatarini. Kisiwani kuna makumbusho ya jamii, Abasuba Community Peace Museum, yanayohifadhi vyombo, hadithi na ufunguo wa jambo lililo kubwa kuliko yote hapa: michoro ya mapangoni.

Mapango ya Mawanga na Kwitone yana duara ndani ya duara, na miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe, iliyopakwa na watu waliotangulia Abasuba na Waluo. Inadhaniwa walikuwa wawindaji wa asili ya Watwa. Waliofuata hawakuifuta. Walipaheshimu, wakawa wakienda huko kuomba mvua. Kupanda hadi Kwitone kunachukua muda na jasho, njia inapita mashamba ya mahindi na muhogo, na anayefika hugeuka kuangalia nyuma: ziwa lote la magharibi liko chini, bila ukingo wa pili. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini wachoraji walichagua mwamba huu. Mvua ya kisiwa hiki huonekana ikija kutoka Uganda, nguzo moja ya kijivu ikitembea juu ya maji, muda mrefu kabla tone la kwanza halijaanguka. Mtu anayeomba mvua angetaka kuketi mahali anapoweza kuiona ikikaribia.

Si visiwa vyote vinavyomngoja mgeni. Remba na Ringiti ni kambi za uvuvi zilizobanana, na Migingo, mwamba usiofika hata nusu hekta uliojaa mabati na watu, umekuwa chanzo cha mvutano kati ya Kenya na Uganda kwa miaka mingi kwa sababu ya mbuta waliomo kwenye maji yanayouzunguka. Huko hakuna cha kutazama ila watu wakichuma riziki mahali pagumu, na mtalii wa siku moja hana shughuli nako.

Ghuba nayo ina majeraha ambayo boti huyapitia. Gugumaji lilionekana upande wa Kenya karibu na mwaka 1990, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta. Kuna asubuhi ambazo bichi za Kisumu zilikuwa uwanja wa kijani ambao hakuna boti iliyoweza kuupenya. Wadudu wa kulila waliachiliwa, likapungua, likarudi, na bado huja na kwenda kwa kufuata upepo. Linanenepa kwa mbolea ya mashamba na maji machafu ya miji, Kisumu ikiwa mmojawapo. Upepo ule ule wa mchana unaowarudisha wavuvi nyumbani ndio unaolisukuma gugu na kulirundika kwenye mlango wa jiji. Pia siku hizi vizimba vya kufugia ngege vimepangwa kwa safu kwenye maji tulivu, na nahodha hulazimika kuvikwepa. Ni chakula na ajira, lakini ni nafasi ya wote iliyotwaliwa na wachache, na mjadala wake haujakwisha.

Halafu kuna kifo, ambacho makala za utalii hukificha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya kati ya watu 3,000 na 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa zima, wengi wao wavuvi wanaokutwa na dhoruba za ghafla. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 1996 na mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, ikiwa imejaa kupita kiasi, mbele ya macho ya waliokuwa gatini. Vyombo hivyo vilikuwa upande wa Tanzania, lakini maji ni yale yale na tabia ya kujaza boti siku ya soko ni ile ile. Boti ya mbao yenye abiria wengi kuliko jaketi za kujiokolea inaweza kuonekana katika bichi nyingi za Kenya. Mara nyingi jaketi zipo, zimerundikwa chini ya kiti cha mbele, zimefungwa kamba, na hutolewa tu chombo cha doria kikionekana. Kenya ina Mamlaka ya Bahari na, tangu 2018, Kikosi cha Walinzi wa Pwani. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu gatini, kila asubuhi, mwenye mamlaka ya kusema boti hii haiondoki, na abiria wasiomsihi.

Kuna pia mambo ambayo safari ya siku moja haiwezi kuonyesha. Ziwa lina maisha ya usiku. Giza likiingia na mwezi ukiwa haupo, mamia ya taa hutokea juu ya maji upande wa magharibi wa Mfangano, zikielea kwenye vyelezo vidogo. Ni wavuvi wa omena wakiwavuta samaki kwa mwanga, zamani kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za betri na za sola. Kwa anayetazama kutoka mlimani, mji mkubwa umezuka mahali ambapo mchana hapakuwa na kitu, na alfajiri haupo. Aliyerudi Mbita kwa boti ya alasiri hajauona. Ni haki kumwambia hivyo, ili asidhani ameliona ziwa lote.

Hata hivyo alichokiona kinatosha kubadilisha ramani iliyo kichwani mwake, na kaunti za ziwani zinaweza kumsaidia kwa gharama ndogo. Kisumu, Siaya na Homa Bay zibandike kila gatini ratiba na nauli, kwa Kiswahili na Dholuo. Ziandike kwa chaki kila asubuhi utabiri wa upepo wa siku hiyo, mahali ambapo nahodha na abiria wote watausoma. Zilipe mtu wa kuhesabu abiria na jaketi, na zimpe nguvu ya kuzuia boti. Feri ya abiria kati ya Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay irudishwe. Ilikuwako, na watu wa kuipanda wapo.

Nawe unayepanga likizo ya Desemba, kabla ya kulipia chumba Diani, fikiria Mbita. Mwezi huo Rusinga huwa na tamasha la utamaduni wa Abasuba, na nyumba za wageni zipo za kila bei. Kwenye boti uliza idadi ya jaketi kabla ya kuuliza nauli, vaa lako hata kama wenyeji hawajavaa, nunua samaki kwa mama aliyesimama majini, na uwe umerudi gatini kabla ya saa tisa mchana.